Hawakuzaliwa Wanajua

Ukigusia tu suala la kuwafundisha vijana kompyuta, mtu mzima mmoja atakukatisha: "Hawa wa siku hizi wafundishwe nini? Wamezaliwa na simu mkononi." Kauli hiyo hutolewa kama sifa, ndiyo maana haihojiwi. Mimi naipinga, kwa sababu inawaumiza watoto wa maskini kuliko hata kukatika kwa umeme.

Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na stendi ya wilaya wakati dirisha la maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu likiwa wazi. Foleni ni ya vijana waliomaliza kidato cha sita, karibu wote wana simu. Nilimkuta humo binti anayekata na kuunganisha video huku anapiga soga, wala haangalii vidole. Barua pepe hakuwa nayo. Mwenye steshenari alimfungulia, akamtungia na nywila, akaiandika kwenye daftari lake la kaunta. Akaskani cheti cha kuzaliwa na kurasa zilizosainiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akapakia, akachukua hela yake. Binti akaondoka hajui hata jina la akaunti yake. Akitakiwa kurekebisha taarifa, itabidi apande basi alifuate lile daftari.

Mwenye steshenari simlaumu. Anauza kitu ambacho shule haikukitoa.

Simu inamfundisha mtu kutazama, kupenda na kusambaza, basi. Kupanga mafaili, kuandika barua ya kuomba kazi, kutofautisha tovuti ya kweli na ya bandia, hayo yanataka mwalimu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaupokea miaka nenda rudi kwa sababu bado unanasa watu. Na matangazo ya ajira hewa, yale ya kulipia kwanza "ada ya usaili", yanawalenga vijana hawa hawa tunaodai wanajua kila kitu.

Hata kwa matajiri hali ni hiyo hiyo. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018 uliwapima ujuzi wa kompyuta wanafunzi wa darasa la nane katika nchi kama Ujerumani, Finland, Korea Kusini na Marekani. Waliofika ngazi ya juu kabisa, ya kuweza kupima wenyewe uaminifu wa taarifa za mtandaoni, walikuwa kwa wastani asilimia 2 tu. Wengi wa hao wana kompyuta nyumbani. Wa kwetu haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na maabara ya kompyuta, kama ipo, mara nyingi ina kufuli. Kisha akimaliza masomo tunamwambia kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal.

Tunamwona mtoto wa jirani mwenye laptop, tunatangaza kwamba kizazi kizima kinajua. Kwa kauli hiyo serikali inapata kisingizio cha kutoajiri mwalimu wa TEHAMA.

Asitoke mwanafunzi kidato cha nne kabla hajafungua barua pepe kwa mkono wake, akatunga nywila anayoijua yeye peke yake, akajaza fomu na kuambatisha faili mbele ya mwalimu. Na kwa waliokwisha kumaliza, maabara za kompyuta zenye kufuli zifunguliwe Jumamosi, mwalimu wa zamu alipwe.