Ibara ya 18 ni ya Mtoto Mwenye Usonji Pia

Makamanda, Ibara ya 18 ya Katiba tunaijua kwa kichwa: kila mtu ana uhuru wa kueleza fikra zake. Mkutano ukizuiwa tu, tunaitaja. Sasa nawauliza, huyo "kila mtu" ni nani?

Mdogo wangu ana miaka saba, ana usonji, haongei. Zamani akishikwa na kiu alikuwa anajigonga kichwa ukutani. Majirani wakasema mashetani. Shule ikamwambia mama amrudishe akishajua kuongea.

Mwalimu mmoja wa elimu maalumu ndiye aliyetuonyesha kadi za picha: kikombe, choo, mpira. Akikupa picha ya kikombe, unampa maji hapo hapo. Ilichukua miezi, lakini leo kadi anakuletea mwenyewe, na ukuta kausahau. Na wanaosema picha zitamfanya mvivu wa kuongea wanakosea. Wapo watoto wanaoanza kutamka maneno kupitia picha hizo hizo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na 2010 Bunge likatunga sheria yake. Mkataba unazitambua njia mbadala za mawasiliano. Kwa hiyo kadi ile siyo hisani, ni haki.

Tunapodai Katiba Mpya, tumdai na diwani: shule ya kata yetu ina mwalimu wa elimu maalumu? Akikosa jibu, tukutane kwenye sanduku la kura.