Upanga ukate pande zote mbili

Mu nyumba nyingi za kartie zetu, wazazi na vijana wanagombana juu ya michezo ya ordinatere yenye inaonyesha vita vya zamani: upanga, ngao, mishale, wafalme. Wazazi wanasema: "Mule ndani batu banakufa mingi sana." Sisi tunaona shida iko fasi ingine. Mu michezo mingi ya namna hiyo, kufa hakuna uzito. Na mara mingi wenye wameelewa jambo hilo ni wale wanaotengeneza modi, ni kusema mafaili yenye muchezaji anaongeza ndani ya muchezo ili kubadilisha sheria zake.

Tukamate mufano wa Skyrim, muchezo wenye kampuni Bethesda ya Marekani ilitosha 2011. Inchi yake ni ya kubuniwa, lakini silaha na maboma vinafanana na vya Ulaya ya zamani. Muchezaji anachagua kiwango cha ugumu. Ku kiwango cha katikati, pigo ni pigo kwa kila mutu. Ku kiwango cha juu kabisa, chenye kinaitwa Legendary, pigo lako linabakia robo, na pigo la adui linazidishwa mara 3. Fanya hesabu: mwizi mwenye angeanguka kwa mapigo 5, sasa anaomba mapigo 20. Unamukata shingo, yeye anasimama tu. Huo si ugumu. Ni mizani yenye mununuzi ameweka kidole juu yake, na wachimbaji wetu wenye kupeleka mawe ku depo wanajua mizani ya namna hiyo.

Modi yenye inaitwa Requiem ilifuata njia ingine. Mu Skyrim ya kawaida, maadui wengi wanapanda nguvu kwa kufuata muchezaji: wewe ukikomaa, nao wanakomaa. Requiem inaondoa jambo hilo. Kila fasi iko na hatari yake, ufike mapema ao ukawie. Kijana mwenye anaingia mu pango siku ya kwanza bila vazi la chuma anaweza kuanguka kwa pigo moja ao mawili. Lakini mwizi mwenye hana vazi la chuma, naye anaanguka haraka. Hapo muchezaji anaanza kujiuliza maulizo ya akili. Wako wangapi? Njia ya kutokea iko wapi? Niko na dawa? Niingie leo, ao nirudie siku yenye niko tayari?

Maulizo hayo yanajulikana mu familia zetu. Jiwe la juu ya galeri haliangalie kama wewe ni mupya ao shefu wa ekipe. Halipunguze uzito juu umefanya miaka 20. Chenye kinalinda muchimbaji ni kupima, kusikiliza, kusimika miti, na kukubali kurudia nyuma. Hatusemi kama muchezo unafundisha kazi ya shimo, hapana. Tunasema tu kama muchezo wenye hatari yake iko sawa kwa wote unaheshimu akili ya mutu, kuliko ule wenye unamuacha apokee mishale, asimamishe vita katikati, akule fromaji, apone.

Kuko muchezo wenye ulizaliwa karibu na mawazo hayo: Kingdom Come: Deliverance, kazi ya Warhorse, kampuni ya Prague, 2018. Ndani yake hakuna dragoni. Habari inaanza mwaka wa 1403 mu Bohemia, yenye leo ni sehemu ya inchi ya Cheki, mu muji mudogo wa Skalitz wenye unaishi na machimbo ya feza. Henry, mutoto wa mufua vyuma, anaona jeshi la mufalme Sigismund likiharibu muji na kuua wazazi wake. Hajue hata kupigana na upanga. Watu 3 wakimuzunguka, mara mingi ni mwisho. Kidonda kinatoka damu mupaka afunge bandeji. Muchezo unachunga wenyewe fasi kidogo tu zenye amefikia. Kwa zingine, anapashwa kupata kitanda alale, ao kunywa pombe fulani yenye bei kali. Kwa hiyo kila vita iko na bei.

Kumbe kuko modi yenye inaondoa bei hiyo: unachunga muchezo wakati wowote, bila pombe. Hatuwacheke wenye wanaitumia. Baba mwenye ametoka posti ya usiku iko na saa moja tu kabla alale, na umeme unaweza kukatika. Atatuambia: "Hatari niliiacha kule chini, sitaki kuikuta ingine hapa ku nyumba." Iko na haki. Lakini yeye amerahisisha muchezo bila kugusa mizani: upanga unabakia na makali yale yale kwa wote. Chenye tunakataa ni ugumu wa bongo, wenye unageuza adui kuwa gunia la muchanga, na urahisi wa bongo, wenye unageuza muchezaji kuwa mutu asiyekufa.

Basi vijana, kabla ya kuweka modi yenye inaahidi vita vikali, muulize kwanza: inaua pande zote mbili? Kama inaongeza tu pigo la adui, muiache.

Na wazazi, musiishie ku kuuliza kama kuko damu. Mukae pembeni dakika 10. Muangalie kama mutoto anakimbilia tu mu vita, ao kama anasimama kwanza ku mulango, anahesabu, kisha anaamua. Kama anarudia nyuma juu ameona wako wengi, musimucheke. Amefikiri vizuri.