Tangi la Kioo Lisiwe Kaburi

Likizo iliyopita mimi na kaka yangu tuliunda tangi kwa vioo vya dirisha, tukaning'iniza globu ya wati 100 juu yake, tukatia maji ya bahari na samaki wawili. Bibi akauliza, "Na stima ikipotea, wajukuu zangu?" Tukacheka. Ikapotea usiku uleule, pampu ikanyamaza. Asubuhi samaki waelea.

Sasa wenzangu wa klabu ya sayansi ati wataka tangi la shule lenye matumbawe hai. Mimi napinga. Matumbawe ni wanyama, na ndani yake huishi mwani unaoyatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Globu hutoa joto jingi kuliko mwanga, na joto la bahari ndilo lililoyapausha matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998.

Tuunde vyombo kwanza: taa, kipimajoto na pampu ya betri. Tuvijaribu mwezi mzima kwa maji matupu. Matumbawe tukayaone kwa mashua ya kioo katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968. Tusiposikia, majuto ni mjukuu.