Mwalimu wa Fizikia Apewe Saa, Posho ya Semina Ingoje

Anayeitaja Stratford, mashariki mwa London, aghalabu hukumbuka Olimpiki ya 2012 na maduka ya Westfield. Mtaa huohuo una kampasi ya Chuo Kikuu cha East London inayoandaa walimu, na mwaka uleule wa Olimpiki ilifunguliwa hapo shule ya serikali ya kidato cha tano na sita, London Academy of Excellence. Iliasisiwa kwa ushirikiano na shule binafsi za kitajiri, zikiwamo Brighton College na Eton. Kinachonivutia katika shule hiyo ni utaratibu wa kuigawia kila shule mshirika somo la kulilea. Kwa utaratibu huo mwalimu wa kemia humpata mwalimu mwenzake wa kemia, aliyeshika chaki miaka mingi kumzidi, wa kumuuliza jaribio hili huwa unalifanyaje na wanafunzi wako hukwama wapi. Hahitaji kusubiri afisa wala mwezeshaji wa semina.

Mkosoaji ana haki ya kukunja uso. Shule ile huchagua wanafunzi kwa alama, kwa hiyo matokeo yake mazuri hayatoshi kuthibitisha ubora wa malezi ya walimu. Tena inachekesha kidogo kwamba watoto wa Newham, wilaya maskini ya London ulimo mtaa huo, wangoje huruma ya Eton. Nayakubali yote mawili. Lakini wazo lenyewe, la kumsaidia mwalimu kupitia somo lake na kupitia mwalimu mwenzake, halihitaji Eton. Linahitaji shule yenye uzoefu na ratiba inayompa mtu nafasi ya kutoka darasani.

Hapo kwenye ratiba ndipo Uingereza imetuacha mbali sisi wa Afrika Mashariki. Tangu 2005 mwalimu wa shule ya serikali nchini England ana haki ya angalau asilimia 10 ya muda wake wa kufundisha kwa maandalizi na kusahihisha. Kuanzia Septemba 2021 mwalimu mpya hulelewa miaka miwili: mwaka wa kwanza hupunguziwa asilimia 10 nyingine ya vipindi, mwaka wa pili asilimia 5, na hupewa mwalimu mlezi. Kwa ratiba ya vipindi 25 kwa wiki, mwalimu mpya wa Stratford hubaki na takribani 20 vya kuingia darasani. Saa zilizobaki ni za kazi na zina mshahara. Haambiwi ajiendeleze likizo, wala halipi ada.

Nyuma yake yuko pia mtaalamu wa maabara, anayepanga vifaa kabla ya kipindi na kuosha chupa baadaye. Akikwama kuhusu usalama wa kemikali fulani, kuna CLEAPSS, taasisi iliyoanzishwa 1963, ambayo shule huchangia ada na kuipigia simu kuuliza. Vitu hivi havina mvuto wa kisiasa. Sijawahi kusikia waziri akikata utepe kumzindua mtu wa kuosha chupa.

Na bado Stratford si peponi. Mpango wa malezi wa 2021 ulilalamikiwa na walimu wengi kwa kuwapa wote chakula kimoja: mwalimu wa michezo, wa historia na wa fizikia wakasomeshwa mambo yaleyale ya jumla, huku wa fizikia akitaka kujua namna ya kumweleza mtoto wa miaka 13 kwamba mkondo wa umeme hauishi njiani. Mpango huo umefanyiwa marekebisho. Upungufu wa walimu wa sayansi nao ni mkubwa kuliko dawa: katika mwaka wa masomo 2022/23, na pia 2023/24, England haikufikisha hata asilimia 20 ya lengo lake la kupata walimu wanafunzi wa fizikia. Mwaka 2023 serikali ikafungua mlango kwa walimu wa nje. Katika Afrika zilitajwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwamo. Mwalimu wa kemia kutoka Kisumu au Moshi anayeishi mashariki mwa London alibaki na njia ndefu zaidi ya kutambuliwa, katika nchi inayolia kwamba haina walimu wa sayansi.

Kwetu tatizo halijawahi kuwa uhaba wa mipango. Kenya ilianza SMASSE, mpango wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati, mwaka 1998 kwa msaada wa JICA ya Japani. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha walimu, hasa wakati wa likizo, na sehemu ya gharama ikatoka kwenye karo za wanafunzi. Mpango ule ulisisitiza jambo la maana: mwanafunzi ashike, ajaribu, na mwalimu abuni vifaa kwa vitu vilivyopo. Ulizaa kituo cha CEMASTEA kule Karen, Nairobi. Lakini mwalimu aliporudi shuleni alikuta vipindi vilevile, darasa lilelile lililofurika, na hakuna wa kumpangia meza. Mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu ikaja na mafunzo ya lazima ambayo mwalimu angelipia mwenyewe shilingi 6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vilipiga kelele, na kwa hili vilikuwa sahihi. Mwajiri anayetaka kazi bora ndiye anayepaswa kuigharimia.

Tanzania, kwa upande wake, ilianzia kwenye matofali. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na kufikia 2014 wananchi walikuwa wakichangishwa kuzijenga. Majengo yalitangulia, wataalamu wa maabara wakabaki nyuma. Mpango wa sasa wa MEWAKA, unaowakutanisha walimu shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, una busara kuliko semina za hotelini kwa sababu unaanzia pale kazi ilipo. Ugumu wake uko kwenye hesabu: shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia haiwezi kuunda jumuiya ya fizikia. Atakaa na wenzake wa Kiswahili na jiografia, watajadili nidhamu na mbinu shirikishi, kisha atarudi peke yake kwenye swali lake la umeme.

Ndiyo maana naona tuuchukue utaratibu wa Stratford bila utajiri wake. Shule za Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Tabora nchini Tanzania zina walimu wa sayansi waliokomaa. Kenya inazo Alliance na Mang'u. Kila moja ikabidhiwe somo na kundi la shule za kata au za kutwa zilizo jirani. Mwalimu anayelea apunguziwe vipindi, anayelelewa vivyo hivyo, na nauli ilipwe na serikali. Fedha za kuanzia zipo: ni zile zinazolipia kumbi, posho na fulana za uzinduzi. Wabunge watakapoketi kupitisha bajeti ya elimu, wamuulize waziri ni vipindi vingapi kwa wiki ambavyo mwalimu wa sayansi amepunguziwa ili ajifunze, na wasikubali kujibiwa kwa idadi ya semina.