Majibu ya Damu Hayasomwi kwa Namba Moja

Tumfikirie mwalimu aliyekwenda hospitali akilalamikia uchovu usiokwisha, kuhisi baridi hata wakati wa jua, na kuongezeka uzito pasipo sababu. Yeye alidhani ni malaria. Alirudi na habari asizozitazamia: tezi yake ya thairoidi, iliyopo shingoni chini ya kikoromeo, haifanyi kazi ipasavyo. Karatasi aliyopewa ilisema TSH ni 18, na thairoksini imo chini ya kiwango. Akapewa vidonge vya thairoksini. Alipopimwa tena TSH ilikuwa 12, na kando yake pameandikwa “juu”. Akawaza moyoni: ikiwa iko juu, basi dawa imezidi. Akaanza kumeza nusu kidonge.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kosa lililomo ni rahisi mno kulitenda. Mwalimu huyu amepunguza dawa hali mwili wake ungali na upungufu. Rai yangu ni kwamba kosa hilo halitokani na uzembe wake, bali latokana na jinsi tunavyofundisha biolojia shuleni.

Twawataka wanafunzi wakariri kwamba thairoidi hutoa thairoksini, na kwamba ukosefu wa madini joto huleta rovu. Yote mawili ni kweli. Nchini Tanzania rovu lilienea sana katika Nyanda za Juu Kusini kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea katika miaka ya 1990. Lakini mwanafunzi akiishia hapo, atadhani kwamba asiye na rovu hana ugonjwa wa thairoidi. Mwaka 1912 daktari Hakaru Hashimoto wa Japani alieleza ugonjwa ambao leo twajua kuwa hutokana na kinga ya mwili kuishambulia tezi hiyo. Waweza kumpata hata mtu alaye chumvi yenye madini joto kila siku, tena pengine pasipo uvimbe wowote shingoni.

Jambo lisilofundishwa vya kutosha ni uhusiano wa tezi mbili. TSH haitoki katika thairoidi. Hutoka katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Mfano wake ni mnyapara na kibarua katika shamba la mkonge. Kibarua akilegea, mnyapara hupaza sauti. Kibarua akizidisha kazi, mnyapara hunyamaza. Basi TSH iliyo juu kwa kawaida hutujulisha kwamba thairoidi imelegea. Na mnyapara huyu ni mwepesi wa kukasirika: thairoksini ikipungua kwa nusu, TSH yaweza kupanda hata karibu mara 100. Ndiyo sababu TSH hufichua hitilafu mapema, kabla thairoksini yenyewe haijatoka nje ya kiwango.

Jambo la pili ni maana ya “kiwango cha kawaida”. Maabara nyingi huandika kwamba TSH ya mtu mzima ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Mipaka ya namna hiyo hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya na kuchukua wale 95 wa katikati katika kila 100. Maana yake ni kwamba watu 5 hivi katika 100 wenye afya watakuwa nje ya mipaka. Aliyepata 4.3 mara moja asijihesabu mgonjwa kabla ya kupimwa tena, kwani TSH hubadilika kwa saa za siku, kwa ujauzito na kwa maradhi mengine. Aidha, thairoksini huchukua siku 7 hivi ili nusu yake itoke katika damu. Kwa hiyo dawa ikibadilishwa hungojewa majuma 6 hivi kabla ya kupima tena.

Wako watakaosema kwamba kusoma majibu ni kazi ya daktari. Ni kweli tiba ni kazi yake, wala simshauri mtu ajitibu. Lakini daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, na kidonge humezwa nyumbani kila siku kwa miaka mingi. Ajuaye sababu ya dawa hafanyi haraka kuipunguza. Kwa mama mjamzito jambo hili ni zito zaidi, kwani katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea thairoksini ya mama.

Kulifundisha hili hakuhitaji maabara. Mwalimu apime urefu wa wanafunzi wote, awatenge wachache walio warefu kabisa na wafupi kabisa, kisha aulize: je, waliotengwa ni wagonjwa? Halafu aandike ubaoni majibu ya watu watatu: TSH juu na thairoksini chini, TSH chini na thairoksini juu, zote mbili chini. Wa kwanza kibarua wake amelegea. Wa pili kibarua wake amepindukia. Wa tatu yamkini mnyapara mwenyewe ndiye aliyelala. Mwanafunzi atakayemweleza huyo wa tatu kwa kufikiri, pasipo kukariri, ameelewa kazi ya homoni.

Hatuna budi kuingiza maswali ya namna hii katika mitihani yetu, kwani kisichoulizwa hakifundishwi. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayepewa kesho karatasi ya mama yake na kuulizwa: “Mwanangu, hapa wameandika nini?”