Ukumbi wa Wenye Bando

Mwalimu wetu wa Kiswahili hapa Kampala alitutaka tuandike kuhusu teknolojia na umoja. Naandika nikiwa na hasira. Kwa makosa ya ngeli naomba radhi mapema. Kwa hoja siombi.

Mwaka jana sisi wanafunzi watano wa kompyuta tulianza kujenga jukwaa la kuwakutanisha watu wanaofanya kazi pamoja huku kila mmoja yuko kwake. Vikao tu havikututosha. Tulitaka mahali pa kusalimiana na kutaniana. Tuliiga Gather, programu iliyotokea mwaka 2020 wakati wa korona: kila mtu ana kikaragosi kinachotembea katika vyumba vilivyochorwa, ukimkaribia mwenzako, mnaonana kwa kamera na kuzungumza, ukienda mbali, sauti inafifia. Wazo ni zuri, sikatai. Mimi mwenyewe nilichora mwembe katikati ya ua na benchi chini yake. Majani yake yalinichukua siku tatu.

Likizo ilipofika tukasema tujaribu jukwaa letu sisi wenyewe. Watatu tulibaki Kampala, kwenye Wi-Fi. Mmoja alikwenda kwao Gulu, na mwingine Arua. Huyu wa Arua ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kanzidata, tena ndiye mcheshi wa kundi. Siku ya kwanza alikaa nasi chini ya mwembe dakika kumi na mbili, kisha kikaragosi chake kikaganda, mguu mmoja juu. Tulicheka. Siku ya nne hakuja. Baada ya wiki mbili tulikuwa tunaamua mambo bila yeye, na jukwaa lenyewe likatusaidia kumsahau, kwa sababu asiyeingia haonekani popote. Hata kiti chake hakipo. Katika ripoti tuliandika kwamba ushiriki wake ulipungua. Aliyeandika sentensi hiyo ni mimi.

Haya, tuhesabu. Picha ya kamera inayosafiri kwa megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Tulipokaa watano chini ya mwembe, kila mmoja alipokea picha za wenzake wanne, yaani megabaiti 1,800 kwa saa moja ya soga, bila kuhesabu picha yake anayoituma. Sauti peke yake, kwa mfumo wa Opus uliosanifishwa mwaka 2012, husikika vizuri hata kwa kilobiti 24 kwa sekunde. Hiyo haifiki megabaiti 11 kwa saa. Na hapa Uganda data inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulioletwa baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Mwenzetu alikuwa akilipa kiingilio ili tumcheke.

Wenzangu hujibu kwamba bila kuonana uso hakuna urafiki, na kwamba mtandao utaboreka, kwa hiyo tujenge cha kesho. Cha kesho kwa nani? Kabla ya jukwaa hili urafiki wetu ulikuwa katika jumbe za sauti. Kijana yule wa Arua alikuwa akituma dakika moja ya vichekesho usiku, nasi tunasikiliza asubuhi, kila mtu kwa wakati wake, na tunacheka vilevile.

Wapenzi wa vikaragosi wakumbuke pia Slack ilikotoka. Kampuni ya Tiny Speck ilikuwa ikitengeneza mchezo wa mtandaoni uitwao Glitch, dunia nzima iliyochorwa kwa rangi. Watu wake walikuwa katika miji tofauti, wakajitengenezea chombo cha kuandikiana tu. Mchezo ulifungwa mwaka 2012. Kile chombo cha kuandikiana kikafunguliwa kwa umma mwaka 2014 kwa jina la Slack. Dunia ya rangi ilikufa, ukabaki ujumbe unaomngoja mtu mpaka arudi.

(Kitone cha kijani kinachotangaza nani yupo na nani hayupo nacho nakichukia. Kwa mwenye umeme ni salamu, kwa asiye nao ni mahudhurio.)

Juma lijalo tunapiga kura. Ninataka kamera izimwe mpaka mtu aiwashe mwenyewe. Ninataka maongezi ya chini ya mwembe yahifadhiwe kwa sauti, ili aliyekosa ayasikie na kuyajibu. Na asiyekuja, kiti chake kibaki kwenye benchi kikiwa na jina lake. Wawili wanapinga: wanasema siku ya maonyesho wageni watataka kuona vikaragosi vikitembea, na sauti haionekani.

Juzi nilimpigia simu rafiki yetu wa Arua, simu ya kawaida. Kwanza aliuliza kama mwembe bado upo. Kisha akauliza ni nani sasa anashika kanzidata, nami nikanyamaza, kwa kuwa tulikuwa tumempa mtu mwingine bila kumwambia.

Nikishindwa kwa kura, nitaondoa jina langu kwenye mradi. Mwembe nitawaachia.