Msaada wa Hesabu Nyumbani

Baada ya Isha, mama wengi hapa Kibokoni huletewa daftari la hesabu au la fizikia na mtoto asemaye, "Mama, nisaidie." Mama aliyeacha skuli mapema huona haya, humpa simu atafute jibu. Jibu hupatikana, elimu haipatikani. Na siku ya mtihani simu haiingii chumbani.

Twawausia akina mama: msione haya. Muulizeni mtoto mambo matatu. Umepewa nini? Watakiwa utafute nini? Na jibu litakuwa kwa kipimo gani: mita, sekunde au kilo? Mtoto akieleza kwa kinywa chake, mara nyingi hulifumbua fumbo mwenyewe.

Wala hesabu si ngeni kwetu. Mtu akifa akaacha mke, mama mzazi na mwana mmoja wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi, na mwana hupata kilichosalia. Namba ndogo kabisa igawanyikayo kwa 8 na kwa 6 ni 24. Basi mke ana 3, mama 4, mwana 17. Hizo ndizo sehemu zile zile afundishwazo mtoto skuli. Na Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka mlango wa mirathi.

Mtoto anayefanyiwa hesabu leo, kesho ataigawaje haki ya yatima? Kaeni naye, japo robo saa. Wabillahi tawfiq.